Siku Pesa Zilipofika Karatu kwa Simu

Mwanzoni mwa miaka ya themanini nilikuwa karani wa dirishani katika posta ya Karatu. Kazi yangu ilikuwa kuuza stempu, kupokea simu za maandishi kutoka Arusha, na kuwaeleza watu kwa upole kwamba hawala zao ziko njiani. Hawala zilisafiri kwa basi, na basi lilisafiri kwa kadiri ya matope na dizeli. Kwa hiyo tulipoambiwa kwamba posta yetu imechaguliwa kufanyia majaribio hawala ya simu, ambayo mtu akilipa Dar es Salaam asubuhi ndugu yake huku anachukua asubuhi hiyo hiyo, nilifurahi sana. Nilikuwa nimechoka kulaumiwa kwa ajili ya barabara.

Mtaalamu aliyekuja kuizindua alitoka Dar, amevaa viatu vyeupe katikati ya masika. Alitusimamisha mbele ya kaunta, mimi na mkuu wa posta, mzee mpole aliyekaribia kustaafu na ambaye hakuwahi kumpinga mgeni yeyote.

"Kuanzia leo," mtaalamu akasema, "umbali umekwisha."

"Umekwisha, ndugu," mkuu akaitikia.

Mteja wa kwanza alikuwa mzee wa Kimasai kutoka Ngorongoro. Mwanawe alikuwa mlinzi huko Dar, na alikuwa amemwahidi baba yake pesa za kununua dume la mbegu. Dume lenyewe lilikuwepo, limesimama mlangoni petu. Kamba yake ilishikwa na mwenye mali, mkulima wa Kiiraqw kutoka Ganako. Walikuwa wamekubaliana bei, lakini mkulima alisema kamba haiachii mpaka ashike noti. Mtaalamu aliomba ng'ombe asogezwe kidogo kwa heshima ya shughuli. Ng'ombe hakusogea.

Simu ikalia. Arusha wakanisomea jina la mtumaji, jina la mpokeaji na kiasi. Nikaandika, nikarudia, wakathibitisha. Mtaalamu akatazama saa yake, uso ukamng'aa kama bwana harusi.

"Mzee, pesa yako imefika!"

Mzee alitazama barabarani, kisha akaitazama simu. "Iko wapi?"

"Hapa. Imeshafika."

"Niione."

Nikafungua droo. Mlikuwa na chenji ya stempu na noti chache zilizochakaa. Fedha taslimu zililetwa na gari kutoka benki ya Arusha, na gari hilo lilikuwa limekwama pamoja na mabasi.

"Gari la fedha halijaja," nikasema.

"Lakini ujumbe umefika," mtaalamu akasema.

"Umefika, ndugu," nikamjibu. "Zilizobaki ni pesa."

Mtaalamu alimgeukia mzee, akamweleza kwa subira kwamba kimahesabu pesa zimefika, yaani ni zake tayari, isipokuwa hawezi kuzishika.

"Kimahesabu zimefika," mkuu akathibitisha.

Mkulima aliyasikia hayo kutoka mlangoni. "Basi mzee wangu, waambie wakupe na dume la kimahesabu. Huyu wa kamba anarudi Ganako."

Mzee hakucheka. Alikuwa ametembea kutoka juu huko kwenye baridi, na dume alilipenda. Ilionekana machoni pake kila alipoligeukia. Niliona aibu. Ili mkulima asiondoke, nikamuuliza pesa hizo alitaka kuzifanyia nini.

"Nimtumie binti yangu. Yuko chuo cha ualimu, Dodoma. Nilitaka nimtumie hapa hapa kwako, kwa hiyo simu yenu ya haraka."

Nikamwambia mtaalamu basi kumbe hatuhitaji noti hata moja. Za mzee zimefika kwa simu, ni za mkulima. Za mkulima zinaondoka kwa simu, ni za binti. Dume libadilishe mwenye kamba tu.

Alifurahi kwa muda mfupi, kisha akakumbuka kanuni. Mpokeaji lazima akabidhiwe fedha mkononi, na mtumaji lazima azitoe mkononi. Hakuwa na mamlaka ya kubadilisha mikono.

Tukaenda kwa mwenye duka wa jirani. Miaka ile rafu zake zilikuwa na chumvi na viberiti, basi. Pesa alizokuwa nazo hazikuwa na cha kununua. Tulimwomba atuazime noti kwa muda wa kuvuka kaunta tu.

"Nitawapa," akasema, "lakini niachieni huyu ndugu mwenye viatu vyeupe."

Mtaalamu akadhani ni utani. Haukuwa utani. Akakalishwa juu ya gunia la chumvi, akapewa chai isiyo na sukari.

Ndivyo alivyokosa kuuona uzinduzi wake. Nilimhesabia mzee noti zile. Naye akazihesabu tena, kila moja akiinyanyua kwenye mwanga wa dirisha. Akampa mkulima, naye akalowanisha kidole akahesabu. Mkulima akanirudishia mimi, nikahesabu, nikapiga simu Arusha kuwapa jina la binti. Mkuu akazirudisha dukani zikiwa bado na joto la mikono yetu, akamkomboa mgeni. Mtaalamu alipofika, mzee alikuwa ameshika njia ya Ngorongoro na dume lake, anaimba.

Wiki ile redio ilitangaza kwamba majaribio yamefaulu, na kwa kweli yalikuwa yamefaulu. Mkulima baadaye alinieleza kwamba binti yake alipokwenda posta ya kule aliambiwa pesa zake zimefika, asubiri gari.

Huduma iliendelea. Nikazoea, kila simu ya hawala ilipoingia, kutoa kichwa dirishani na kuwauliza waliopanga foleni, "Nani anatuma pesa leo?" Akipatikana, nilimlipa mmoja kwa noti za mwingine, na mkuu aligeuka kutazama ramani ukutani. Wakati wa mavuno ya ngano hatukulihitaji sana gari la Arusha. Lakini mwaka wa ukame hakukuwa na mtumaji; kila mtu alikuwa mpokeaji. Walijaa kwenye benchi mpaka nje, pesa zao zote zimefika, nami nikiwachemshia chai.