Swali Nililoona Haya Kulitafsiri

Ipo siku moja naikumbuka mpaka harufu yake, mwanangu: harufu ya matope ya mikoko na ya chaki. Nalikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, kiherehere kimenijaa, viatu vya kisigino mkononi kwa sababu matope ya hori la Mida hayajali umevaa nini. Mbele yangu alitembea tajiri wa Kitaliano, suruali kaikunja hadi magotini. Nyuma yetu alikuja wakili wake kutoka Mombasa, akilalamika kila hatua. Tuliingilia upande wa Dabaso, maji yamekupwa, tukaelekea kisiwa kidogo ambacho wenyewe hukiita Kisiwani tu, kana kwamba duniani hakuna kingine.

Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia umepata kazi katika ile ofisi ya kuwapokea wawekezaji, na wiki ijayo utawapeleka wageni visiwani, wewe ndiwe mkalimani. Mashallah! Nimefurahi, wallahi nimefurahi. Nimewapigia simu mashangazi zako wote wa Mtwapa mpaka salio likaniishia. Lakini keti kwanza. Weka hiyo simu. Nina jambo ambalo hukufundishwa chuoni, na mimi mwenyewe nilifundishwa na mtu asiyejua kusoma.

Kitaliano changu, unajua, sikukipata darasani. Nilikiokota mapokezi ya nyumba ya wageni hapa Malindi, nikiwasikiliza wazee wawili wa Kitaliano waliokuwa wakigombana kila siku juu ya chumvi ya mchuzi. Nikajua matusi kabla sijajua salamu, Mungu anisamehe. Baadaye watu wenye fedha wakaanza kunichukua niwatafsirie kwenye mikutano ya ardhi. Lo, nilijiona! Kutoka Kilifi hadi Mambrui sikuona msichana kama mimi.

Sasa yule tajiri alitaka kujenga hoteli ya vibanda kwenye ncha ya kisiwa, na bwawa la kuogelea, na bustani. Maji angevuta kutoka kisima cha pale. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, mwanangu, lishike: Kisiwani kina kisima kimoja tu chenye maji matamu. Ukivuta kupita kiasi, bahari hupenya chini kwa chini, na kisima kikishaingia chumvi hakirudi. Watoto wa pale walijua hivyo kabla ya kujua kuhesabu. Mgeni hakujua, na mimi sikujishughulisha kuuliza.

Walitupokea vizuri mpaka nikaona aibu ya ukarimu wao. Walitunawisha miguu, wakatupa madafu, wali wa nazi, samaki wa kupaka. Kisha wakatuingiza katika darasa la chekechea la kuta za udongo, kwa kuwa ndiyo nyumba kubwa waliyokuwa nayo. Tajiri akakalia benchi la watoto, magoti yamemfika kidevuni. Wazee wakasema maneno ya kukaribisha, wakili akasema yake, mimi natafsiri huku na huku kama cherehani. Mambo yakaenda sawa. Ilikuwa imebaki dua na sahihi.

Pembeni, chini ya ubao, alikaa mwanamke mmoja mzee wa Kigiriama akishona makuti. Walimwita Hawe Kadzo. Hawe kwao ni bibi. Tangu tuingie hakuinua uso. Mikono inakunja jani, inapitisha ukindu, inakunja jani. Mimi nilidhani ni kizee kilicholetwa kukaa kivulini. Ghafla akasema, bila kuacha kazi yake:

"Mwulize ataondoka lini."

Mwanangu, nilisikia moto masikioni. Wewe umelelewa nyumba hii, unajua. Mgeni haulizwi ataondoka lini! Mama yangu hakuturuhusu hata kufagia mgeni akiwa ndani, asije akadhani twamfukuza. Na huyu alikuwa mgeni ambaye chakula cha wenyeji kilikuwa hakijashuka tumboni mwake. Nikaona kizee kitatuaibisha sote. Basi nikageuka kwa tajiri, nikatabasamu tabasamu langu la mapokezi, nikamwambia kwa Kitaliano kizuri: "Bibi anauliza kama umeshiba."

Tajiri akacheka, akajipigapiga tumbo. Watu wakatabasamu. Nikajipongeza moyoni, nikasema nimeokoa jahazi.

Mikono ya Hawe Kadzo ikasimama. Akainua uso, akanitazama mimi, si tajiri.

"Nililouliza halichekeshi," akasema. "Umempelekea lingine."

Nikababaika. "Samahani, Hawe, lakini mgeni haulizwi hivyo."

"Aliyekuja kula haulizwi. Huyu amekuja kuchimba. Maji haya wanywa wajukuu zangu, wewe unamwonea haya nani? Kama huliwezi swali langu, toka nje, nitamchorea mchangani."

Hakupaza sauti, wala hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa na hasira. Sijawahi kuvuliwa nguo mbele za watu, lakini nadhani mtu hujisikia vile. Nikalipeleka swali kama lilivyo. Anauliza utaondoka lini.

Tajiri akaacha kucheka. Akaniuliza kama ndivyo hasa alivyosema. Nikasema ndivyo. Akamtazama yule mwanamke kwa muda mrefu, yeye na majani yake ya makuti, na nikaona uso wa yule bwana unabadilika, sijui nikueleze vipi, kama mtu aliyeitwa jina lake la utotoni mahali asipojulikana. Wakili akataka kuingilia. Tajiri akamzuia kwa mkono, akainuka, akachukua chaki.

Ubaoni palikuwa na herufi za watoto. Hakuzifuta. Chini yake akaweka nukta, akasema hiki ni kisiwa cha kwanza, mbali huko kwenye bahari nyingine. Tulijenga hoteli, serikali yao ikatusamehe kodi kwa miaka kadhaa. Miaka ile ilipokwisha, tukaondoka. Akaweka nukta ya pili. Hiki kilituahidi makubwa kuliko cha kwanza. Kisha ndege zikabadili njia, watalii wakafuata ndege, sisi tukafuata watalii. Nukta ya tatu. Hapa hatukumaliza hata kujenga. Tuliuza karatasi kwa kampuni nyingine, nayo ikauza kwa nyingine, na leo wenyeji hawajui mwenye ufuo wao ni nani. Akavuta mstari kutoka nukta hadi nukta. Mwisho akaweka ya nne, ndogo kuliko zote, akasema hapa ndipo tulipo.

"Fedha yangu si mbaya," akasema, "lakini haina kwao. Visiwa vidogo vyote vyaitaka, na kila kimoja hulegeza masharti kuliko jirani yake ili iende kwake. Nayo huenda. Hapa nitakaa miaka saba, labda kumi. Kisha nitaondoka. Katika visiwa vyote hivyo, hakuna aliyepata kuniuliza."

Nilitafsiri kila neno, mwanangu. Hebu fikiria: mambo ambayo mawaziri wa nchi nzima hawakuambiwa, mambo yanayofanya miji iote na miji ife, yalikuwa pale ubaoni, chini ya a, e, i, o, u, katika darasa la udongo ambalo kuku waliingia na kutoka. Na aliyeyatoa ni mwanamke aliyevaa hando, ile sketi ya marinda ya Kigiriama, ambaye huenda hakuwahi kufika Mombasa. Alikuwa ameutazama utajiri wote ule, akauona una miguu. Mpaka leo nikiikumbuka siku ile nasema subhanallah. Nimekaa na mabalozi, nimekaa na wenye mabenki, sijaona tena akili ya namna ile.

Mimi nilidhani sasa watamfukuza. Hata kidogo! Hawe Kadzo alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei ya haki sokoni.

"Huyu amesema kweli," akasema. "Basi anaweza kukaa."

Kisha ndipo mazungumzo yalipoanza hasa. Kisima hakiguswi. Atajenga mapaa ya kukinga mvua na matangi makubwa, ndiyo maji ya hoteli. Bwawa la kuogelea asahau. Atakapoondoka, matangi yabaki, yawe ya Kisiwani. Na asiuze kwa mtu ambaye hajaja kwanza kukaa benchi lile lile na kuulizwa swali lile lile. Wakili alikuna kichwa, akasema hilo la benchi haliandikiki. Tajiri akamwambia aliandike. Jua liliposogea tulikuwa tungali pale, nami niliacha kutabasamu tabasamu la mapokezi. Nilikuwa natafsiri tu.

Hoteli ilijengwa. Vijana wa pale walipata kazi, wengine wakajifunza upishi, wengine Kitaliano, na chao ni safi kuliko changu. Miaka ikaenda. Kisha mambo ya dunia yakaharibika, wageni wakapungua, na yule bwana akaondoka kama alivyosema. Aliondoka kwa heshima, wakamlisha siku ya mwisho kama ya kwanza. Mwaka jana nilipelekwa Kisiwani kwenye harusi. Matangi yamejaa, shule inayatumia. Nikaomba maji ya kisimani, nikanywa. Matamu vile vile. Nililia, na watoto wakanicheka.

Lakini sikukuita kukusimulia jinsi mambo yalivyokwenda vizuri. Lipo jingine, na sijamwambia mtu, hata marehemu mume wangu.

Miezi michache kabla ya siku ile, nilitafsiri mkutano mwingine, upande wa Magarini, kijiji sikitaji. Wageni wengine, walitaka kuchimba mabwawa ya maji ya bahari ya kufugia kamba. Mzee mmoja alisimama, fimbo mkononi, akauliza: mkishamaliza kazi yenu, maji yetu yatakuwaje? Nami, binti wa watu, mwenye adabu zangu, niliwaambia wageni kwamba mzee anawakaribisha sana. Wakampigia makofi. Yule mzee alitazama makofi yale, akaketi, akadhani amejibiwa. Mabwawa yalichimbwa, kisha wakahama, wakayaacha wazi. Visima vya pale vina chumvi hadi leo, na akina mama wanunua maji kwa madumu. Nikipita huko hunisalimu kwa furaha, shikamoo mama, karibu mama. Hawajui. Mzee yule alifariki bila kujua kwamba swali lake halikufika.

Hawe Kadzo hakunifundisha kuuliza tu, mwanangu. Alinionyesha nilichokuwa nimekwisha kukifanya.

Kwa hiyo nisikilize. Siku hizi wanakuja na majina mapya. Enzi zangu ilikuwa hoteli na mabwawa ya kamba, yakaja majumba ya kupangisha, na sasa nasikia uchumi wa buluu, yaani biashara za baharini, na watu wanaonunua hewa ya mikoko, eti hewa ya ukaa, sijui huifungia ndani ya nini. Usiwachukie. Wengine ni watu wema, na wakiulizwa sawasawa husema kweli. Lakini wakishasema watakuja na nini, waulize wataondoka lini, wataacha nini, na watamuuzia nani. Na mnyonge wa kikao kile, yule aliyekaa pembeni ambaye hata kiti hakupewa, akifungua kinywa, neno lake ulifikishe lote, na ukali wake na uchungu wake. Usilipambe. Adabu ya mkalimani si ile ya kupokea wageni nyumbani, nami nilichelewa kujua, na kuchelewa kwangu kunanunuliwa kwa madumu kila asubuhi.

Njoo hapa nikushike kichwa. Mwenyezi Mungu akufungulie milango ya riziki ya halali. Akupe sikio la kuwasikia wasiosikizwa, na ulimi usiopunguza neno la mtu. Akukinge na sifa za wakubwa. Na siku utakapoona haya, mwanangu, maana utaona, Mungu akujaalie uwe umekwisha kuliuliza swali.