Bega la Msusi

Tangu bega lake la kulia lilipoanza kumuuma, msusi alikuwa amelifunga kwa kitambaa, maana kila mtu alimwambia alipumzishe. Maumivu yalipungua, lakini mkono ukagoma kupanda. Hakuweza tena kufunga sidiria, sembuse kusuka utosi wa mtu aliyekaa kitini. Wateja wakaanza kuhamia kwa jirani.

"Limeganda," alisema mtaalamu wa viungo, akifungua fundo la kile kitambaa. "Mfuko unaozunguka kiungo umekakamaa. Ukiufunga mkono hivi, mfuko unazidi kukakamaa, mama. Uinue mkono taratibu mpaka pale unapovuta, usilazimishe. Litaachia, ila huenda likachukua mwaka, hata zaidi."

Mwaka mzima. Alirudi saluni akiwa amechoka kabla hata ya kuanza. Kila asubuhi alisimama mbele ya ukuta, akaviacha vidole vitambae juu kama buibui mzee hadi usawa wa swichi ya taa, kisha maumivu yakamkata pumzi.

"Wifi, huo ukuta utakuja kukuposa," mke wa kaka yake alimtania. "Kila siku unaupapasa!"

"Njoo ukae, nikusuke."

"Kwa mkono upi?"

"Huu huu. Si kitini, kaa chini."

Wifi yake akakaa sakafuni, kichwa katikati ya magoti ya msusi. Hapo mkono haukuhitaji kupanda. Akagawa nywele kwa chanuo, akasuka mstari wa kwanza. Ukapinda. Akaufumua, akaanza upya.