Mwingereza aliyetaka kuzungumza na mkwe, na sisi tuliomziba mdomo kwa ukarimu

Wakuu, heshima zenu.

Hili sikusimuliwa na mtu. Nilikuwepo, sehemu kubwa nikiwa nimesimama koridoni kama mwanafunzi aliyetolewa darasani. Sitaongeza chumvi.

Niko Dubai miaka mingi sasa, ofisi ya mizigo upande wa Rashidiya. Zamani nilifundisha Kiswahili sekondari huko nyumbani. Digrii yangu ya lugha siku hizi naitumia kubishana nanyi humu.

Rafiki yangu Khalfan, wa familia ya Kizanzibari iliyokaa hapa tangu enzi za wazazi wao, akanijia na ombi: nimfundishe mtu Kiswahili. Dada yake Rukia anataka kuolewa na Mwingereza aitwaye Colin. Ameshasilimu, kazi anayo, tabia haina neno. Kikwazo ni mama yao, Bi Zuwena, ambaye Kiingereza hajui na ameweka sharti.

"Anayetaka mwanangu n'tazungumza naye mwenyewe. Sitaki mkalimani. Kwani Rukia anaolewa na mkalimani?"

Na Rukia alishasema: bila radhi za mama, haolewi.

Nikamkubali mwanafunzi huku nikicheka kimoyomoyo. Colin alikuwa ameishi Dubai muda mrefu na Kiarabu chake chote kilikuwa yalla, khalas na inshallah. Nyote mnajua tunavyowasema hawa waliozaliwa na Kiingereza: wavivu wa lugha, vichwa havishiki.

Basi nikashangaa. Colin alisoma kama mtu mwenye mtihani wa taifa. Baada ya miezi kadhaa sentensi zake zilikuwa safi. Lakini kuongea, hamna. Kwa nini?

Siku moja tuko kwenye cafeteria karibu na metro. Anayehudumia ni Neema, dada wa Mbeya. Colin akavuta pumzi: "Dada, naomba chai ya maziwa. Sukari kidogo."

Imenyooka kabisa.

Neema akatabasamu. "One karak, less sugar. Okay, sir."

Colin akanitazama kama mtu aliyepiga hodi mlangoni akajibiwa kupitia dirisha. Nikamtia moyo kwamba amesema vizuri sana. Nilimwambia kwa Kiingereza.

Mlinzi Mkenya wa jengo lake naye hivyo hivyo: "Wee! Bro, your Swahili is so good!" Kisha mazungumzo yote yaliyobaki, Kiingereza. Kila mtu alimpongeza, hakuna aliyemjibu.

Ikafika siku ya kwenda kwa Bi Zuwena. Sebuleni tulikuwa mimi, Khalfan, Rukia na shangazi wawili. Colin akaamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikiwa. Bi Zuwena akamuuliza habari za kwao.

Colin akafungua mdomo. Akakwama kidogo.

Shangazi mmoja akadakia, "He says they are fine!" Akimwambia nani, sijui. Khalfan akamalizia sentensi. Shangazi wa pili akamuuliza kwa Kiingereza kama AC inampiga sana. Mimi, mwalimu, nikaanza kumnong'oneza neno. Colin akawa mwekundu, akanyamaza kabisa. Rukia alikuwa anatazama zulia.

Bi Zuwena akaweka kikombe chini.

"Nyinyi! Mbona mwamnyang'anya maneno mdomoni? Tokeni. Nawe mwalimu, toka."

Tukatoka. Mlango akauacha wazi. Kisha akaitisha sinia la mchele, akaliweka kati yake na Colin.

"Tuchambue."

Wakuu, mchele ulikuwa wa supermarket, wa kwenye mfuko. Jiwe hata la dawa hamna. Nilipomwona anapekua punje nyeupe tupu kwa makini vile, ndipo nikaelewa. Alikuwa anaipa mikono ya Colin kazi, ili ule ukimya usiwe wa aibu.

Na ukimya ulikuwepo, tena mrefu. Khalfan alitaka kuingia kuokoa jahazi, Rukia akamshika kanzu.

"Mama yangu," Colin akasema hatimaye, "yuko peke yake."

Bi Zuwena akasogeza punje mbili tatu.

"Nani amtazama?"

"Jirani. Mimi... ninapiga simu Jumapili." Akapekua mchele. "Mimi si mtoto mzuri."

"Mzuri," Bi Zuwena akasema. "Uko mbali tu. Na wangu mimi, utampeleka mbali?"

Pale Rukia akazidi kuikaza kanzu ya Khalfan. Colin alichukua muda mrefu kuliko wote. Hakuna aliyemsaidia.

"Sijui, mama. Kazi inaweza kuhama. Lakini nitamleta. Na nitakuja. Si simu tu."

Mwenye ufasaha angeapa kwamba hawatahama kamwe. Colin hakuwa na maneno ya kutosha kudanganya.

Tangu siku hiyo nawaza. Mimi nilianza shule Bukoba na Kihaya peke yake, na mwalimu hakunihurumia kwa Kihaya. Kiingereza nacho hakuna aliyenishushia ngazi. Nilijifunza kwa sababu sikuwa na pa kukimbilia. Mwingereza kila anakokwenda anatanguliwa na watu waliokwisha kumwekea mto wa kuangukia. Tunauita ukarimu. Kwa upande wangu, wakuu, nusu yake ilikuwa kuonyesha kwamba Kiingereza ninacho.

Sasa namjibu kila mgeni kwa lugha aliyoanza nayo, hata akichelewa. Ni kazi ngumu, ulimi unawasha.

Mwisho Bi Zuwena alituita ndani. Khalfan akauliza, "Vipi, mama?"

"Amwite mama'ke aje, tuyazungumze mambo ya harusi." Kisha akanigeukia. "Nawe mwalimu, Jumamosi uje unifundishe Kizungu. Mgeni wangu akija n'tamkaribisha mwenyewe."

Shangazi akacheka, "Utaweza, dada?"

"Mkininyamazia, n'taweza."

Nyie wa Ghuba na wa nyumbani, mgeni akikwama kwenye Kiswahili mnamsubiri au mnamrukia? Semeni ukweli.