Pipa la Kupimia Kiu ya Mpunga

Nasema bila haya: kwetu Bonga hakuna aliyesomea umwagiliaji kabla yangu. Ada ya chuo nilijilipia mwenyewe kwa kufyatua matofali Morogoro. Sikubebwa na mjomba wala mbunge, na nilirudi na stashahada ambayo mama yangu aliitundika sebuleni juu ya televisheni. Kwa hiyo mtu akiniita bwana shamba nilimsahihisha. Mimi ni fundi sanifu wa umwagiliaji.

Mwaka niliorudi, wakulima wa mpunga wa bondeni walikuwa wakigombania maji ya mfereji. Zamu ilikuja kila baada ya siku nne, na bado walioko mwisho walilalamika. Nikamwambia mwenyekiti wa mfereji kwamba tunabishana bure, maana hakuna anayejua mpunga unapoteza maji kiasi gani kwa siku. Nikakata pipa, nikaliacha na kitako chake ili maji yasizame ardhini, nikalifukia katikati ya jaruba langu na kupanda mpunga ndani. Maji yakipungua mle, yameenda angani tu: yamekaushwa na jua au yamepitia kwenye majani. Kila siku saa moja asubuhi nilisoma rula, nikaandika, nikajaza tena hadi alama nyekundu.

Watu walipita wakicheka. "Injinia, huo mpunga wa kwenye sufuria utaiva lini?"

Nilijiambia kwamba hata nikieleza hawataelewa.

Vipimo vilitoka vidogo kuliko vile tulivyofundishwa chuoni. Mwenye busara angesita. Mimi nilifurahi. Nilisimama kwenye kikao cha mfereji nikatangaza kwamba bonde letu ni la kipekee, mpunga wetu hauna kiu kubwa, na zamu ya kila siku saba inatosha. Nilitaja milimita mpaka wazee wakanyamaza. Wakapitisha. Wenye majaruba ya juu wakapanda vitunguu kwa maji yaliyobaki.

Jaruba la mwisho kabisa, chini ya langu, ni la mjane anayelisha wajukuu wanne kwa mpunga huo. Wiki ya tatu ya zamu mpya nilimkuta amesimama kwenye tuta. Mpunga wake ulikuwa unachanua, majani yamejikunja, na udongo umepasuka nyufa za kuingiza vidole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo umekuja kupima kwangu? Mbona hakuna hata cha kupima."

"Zamu yako lini?"

"Keshokutwa, tukifika." Akacheka kidogo. "Ila wako haujambo. Na ule wa kwenye pipa nakuangalizia. Nikipita alfajiri nikaona maji yameshuka, naongeza kopo moja, siku nyingine mawili. Mpunga wa jirani huwezi kuupita una kiu na wewe ndoo unayo."

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipolifukia. Si wewe unachelewa kuamka?"

Daftari zima lilikuwa limeandikwa juu ya makopo yake, maji aliyokwisha kuyarudisha kabla sijasoma rula, na zamu ya siku saba ilitoka kwenye daftari hilo. Ningemwambia, angejua kwamba wema wake ndio uliomkaushia shamba. Alikuwa ananitazama akingoja neno. Nikasema ahsante.

Jioni hiyo nilienda kwa mwenyekiti kumwomba zamu irudi kama zamani.

"Unataka nikawaambie wenye vitunguu wang'oe?" alisema. "Ngoja tuvune kwanza."

"Mpunga unachanua, mzee. Ukikosa maji sasa utatoa mapepe, maganda yasiyo na punje."

"Basi kaseme mwenyewe. Ulivyosimama kujisifu, simama tena."

Kesho yake nikasimama kikaoni. Nikasema vipimo vyangu si sahihi, turudi kwenye siku nne.

"Ilikuwaje, injinia?" mtu akauliza.

Mjane alikuwa amekaa mbele kabisa, khanga kichwani. Nikasema nilikosea kusoma rula.

"Miaka yote chuoni, rula imemshinda!" Walicheka mpaka mwenyekiti akapiga meza. Mimi niliyefyatua matofali nisome, nilisimama pale nikichekwa. Hata hivyo wenye vitunguu walibishana siku mbili nzima kabla ya kukubali, na jaruba la mwisho halikuwa na siku mbili za kupoteza.

Wakati wa mavuno nilienda kumsaidia mjane kupepeta. Upepo ulichukua karibu nusu ya alichovuna. Aliniona nimeinamisha kichwa, akadhani nawaza kile kicheko.

"Usijali, mwanangu," akasema. "Vile vistari vya rula ni vidogo mno. Hata mimi vingenishinda."

Nikajaza ungo mwingine, nikageukia upepo.