Namba Tasa ya Kulwa

Harufu ya dagaa walioanikwa bado inanirudisha Pasiansi, kwenye chumba chenye sakafu ya saruji ambako pacha wangu Kulwa alilala kwenye godoro, mifupa ikimuuma. Alikuwa na selimundu. Mimi, Doto, sikuwa nayo. Nilikuwa na afya ya kutupa na ubishi usio na kipimo.

Tulikuwa darasa la sita. Siku moja nilimwambia kwamba namba ikishakuwa kubwa, haikosi namba ya kuigawa. Akacheka, akachukua chaki na kuandika sakafuni: 10,007.

"Hii haigawanyiki, ila kwa moja na yenyewe. Ni namba tasa."

"Umejuaje?"

"Sijajua. Tujaribu."

Bibi, aliyekuja kutoka Misungwi kumuuguza, alisikia neno tasa akasikitika, akauliza namba ya watu imerogwa na nani.

Kulwa ndiye aliyegundua kwamba hatuna haja ya kuvuka mia. Mia mara mia ni elfu kumi tayari, kwa hiyo kama namba yetu ina vigawo viwili, kimoja lazima kiwe chini ya mia. Tena tujaribu namba tasa tu, maana isiyogawanyika kwa tatu haitagawanyika kwa tisa. Tukaanza. Kwa saba ikabaki nne. Kwa kumi na tatu ikabaki kumi. Kila baki ilinikera, kwa sababu nilitaka kushinda, lakini yeye ilimpa nguvu ya kuketi. Mama alipita akiziruka hesabu zetu, wala hakudeki. Maumivu yakizidi, Kulwa alifumba macho, mimi nikaandika, naye akanisahihisha hivyo hivyo.

Tulifika arobaini na moja, ikabaki tatu. Asubuhi iliyofuata walimpeleka hospitali, na hakurudi.

Kwetu pacha haliliwi. Bibi alisema nyumba ikimlilia Kulwa, atakuja kunichukua na mimi. Kwa ajili yangu mama alikaa msiba mzima na macho makavu, upindo wa khanga mdomoni. Nami nilitaka kulia. Nikaingia chumbani, nikagawa kwa arobaini na tatu. Nikaendelea, nikikosea na kufuta kwa kiganja, mpaka tisini na saba. Ikabaki kumi na sita.

Nilitoka mbio hadi uani, mama alipokuwa amekaa na bibi.

"Mama, haigawanyiki! Kulwa kanishinda!"

Mama alitazama mlango nyuma yangu. Aliutazama kwa muda mrefu, kisha akalia kwa sauti ambayo sijaisikia tena. Bibi hakumkataza.

Nilidhani nimemkosea kwa kupiga kelele msibani. Nilikuja kuelewa nilipopata watoto wangu mwenyewe. Tangu tulipojua kutembea, kila habari tulimpelekea mama sote wawili: mimi mbele nikikimbia, Kulwa nyuma, polepole, kwa ajili ya miguu yake. Mama alikuwa anamsubiri atoke.