Resi ya Mzee Lenard

Nahumu ni fundi wa injini pale Makambako, na kwa mdomo hana mpinzani. Julai ikifika, dereva anayewasha gari na kukanyaga mafuta papo hapo husemwa mpaka akome. "Oili imeganda kama uji wa jana, wewe unaikimbiza! Acha injini ipate moto!" Mimi ni shemeji yake, nimemsikia akisema hayo miaka ishirini.

Gari alilolipenda kuliko yote halikuwa lake. Lilikuwa la mzee Lenard wa Yakobi, kule Njombe: Datsun nyekundu ya mbio, milango miwili, ya enzi za baba zetu. Kila Jumapili baada ya ibada mzee aliiwasha uani, akaipiga resi, injini ikivuma mpaka vioo vya nyumba vikalia. Nahumu ndiye aliyekuwa akiitengeneza.

Mzee alipofariki, mkewe, mama Tabea, aliomba jambo moja tu. Siku ya kusimika msalaba kaburini, Nahumu aje aipige resi kama mzee, ili yeye mama amsikie mumewe kwa mara ya mwisho. Kisha gari lifunikwe turubai.

Tulifika asubuhi, barafu ingali kwenye majani ya viazi. Uani kulijaa ndugu na majirani, vijana wameinua simu. "Kamwene, baba," mama Tabea alimsalimu Nahumu. "Washa tu, nakuja." Akaingia jikoni.

Injini iliitika, ikanguruma taratibu. Dakika mbili hazikupita, nami, mtu mzima mwenye koti la kanisani, nikapaza sauti: "Kanyaga, fundi! Au umezeeka?" Watu wakacheka. Ningenyamaza ningepungukiwa nini?

Nahumu alinitazama, akazitazama simu. Akakanyaga. Vijana wakapiga mbinja. Akakanyaga tena, mshale wa dashibodi ukaingia kwenye alama nyekundu, akaushikilia humo. Kitu kikapasuka chini ya boneti na oili ikamwagika kwenye majani. Nahumu alichungulia. Konrodi, ule mkono wa pistoni, ilikuwa imetoboa bloku ya injini, na hiyo haina dawa.

Mama Tabea akatoka jikoni na kikombe kinachofuka moshi.

"Mbona umewahi, baba? Na mbona umezima? Mzee alikuwa hakanyagi mpaka amalize chai yake. Nilikuwa nampimia muda kwa kikombe hiki. Haya, kunywa, halafu uwashe nimsikie."

Akakaa kizingitini, mahali pake pa kila Jumapili, akakunja mikono mapajani.

Nahumu alipokea kikombe kwa mikono miwili, akanywa chai yote amesimama, taratibu, na hakuna aliyethubutu kumharakisha. Mimi niliinama kufuta viatu visivyo na tope. Aibu ilinichoma mpaka masikioni.

Chai ilipoisha alipiga magoti mbele ya mama yule. "Mama, nimeiua. Nimeikimbiza ikiwa baridi. Mimi, fundi."

Hakunitaja. Nami sikujitaja.