Nilivyolikata Paa la Impala

Mume wangu ni mtu wa kunyamaza, na mimi si wa kunyamaza, kwa hiyo habari zake nazisimulia mimi. Anaitwa Térence Mihigo. Kule Uvira, Kongo, alikuwa fundi wa kushona viti na paa za magari, na watu walivuka mpaka kutoka Bujumbura kumfuata. Vita vilipotufikia tulikimbia na watoto, sufuria mbili, na kichwa cha cherehani nilichokibeba mgongoni kama mtoto wa nne.

Nakivale, kambi ya wakimbizi huku Uganda, tulipewa kiwanja na jembe. Miaka kumi na mmoja Térence alilima mahindi na maharage, na ukimwuliza kazi yake alijibu, "Mie ni mulimaji," kwa sauti ya mtu anayeungama dhambi. Cherehani nilikuwa naitumia mimi, kwa sare za shule na magauni ya kwaya. Yeye alikuwa akipita karibu nayo bila kuitazama, na hilo lilikuwa linaniudhi kuliko njaa.

Mwaka jana alikwenda Mbarara kutafuta mbegu, akapita mbele ya gereji ya meja mmoja mstaafu wa kambi ya jeshi ya Makenke, jina lake Jonan. Humo aliona gari ambalo hakutegemea kuliona tena maishani: Chevrolet Impala ya mwaka 1963, refu kama ibada ya Pasaka, lile la paa la turubai linalokunjwa nyuma. Mafundi walikuwa wamelibandika turubai la lori. Mume wangu, bubu wangu huyo, alifungua mdomo mbele ya watu asiowajua akawaambia kwamba hapo wameharibu.

Jonan alimwita. Gari lilikuwa la marehemu baba yake, mchuuzi wa ng'ombe, aliyeuza ng'ombe kumi na wawili wa pembe ndefu ili kulinunua, na ukoo mzima ukasema amerogwa. Alipofariki, gari lilikaa kwenye shamba la matoke miaka thelathini, kuku wakitaga humo. Sasa Jonan alitaka lirudi kama siku lilipotoka kiwandani. Injini ilikuwa tayari, rangi ya bluu ilikuwa tayari, vyuma viling'aa. Lilibaki paa. Na wa kuamua alikuwa mama yake, mzee Kellen, ambaye macho yalikuwa yamekwisha lakini vidole vyake vililijua gari lile kila mahali.

"Wewe fundi, sikia," Jonan alimwambia. "Hapana ongeza, hapana punguza. Mama akishika, akisema ndiyo, hapa iko kazi yako kila siku. Akisema hapana, unarudi kwa jembe yako. Tunaelewana?"

"Ndiyo, afande."

Turubai jipya lilikuwa limeagizwa kutoka ng'ambo, kipande kimoja, cha kutosha mara moja tu. Kipimo chake kilikuwa kwenye paa la zamani la kiwandani, lililooza, ambalo Jonan alikuwa bado amelitunza, basi. Térence alilibeba hadi nyumbani ili alifumue taratibu, akalikunja vizuri karibu na banda la kuku, kisha akarudi Mbarara siku tatu kutafuta uzi wa rangi yake. Mimi hakuniambia neno.

Msomaji, kama hujaishi Nakivale, nikueleze jambo moja. Kwetu kitu chochote kinachozuia mvua hakilali uani. Mvua ya Septemba ilikuwa imeanza, mimi ni mkuu wa akina mama wa kanisani, na wajane wanne walikuwa wanalowa. Nikaona turubai bovu limekaa bure, nikachukua mkasi. Nililikata vipande vinne, tena kwa furaha na kwa wimbo.

Térence akarudi.

"Ancilla, ile bashi iko wapi?"

"Bashi gani?"

"Ile nilikunja pale fasi ya kuku."

"Nilikata. Nilipatia bamama bane. Mvua imekuya, batu banalowa, na wewe unaacha bashi inakaa bure?"

Alikaa chini, kwenye tope. "Ile njo paa ya gari," alisema. "Ile njo kazi yangu."

Nilimgombeza kwanza. Nilimwuliza kama Mungu alimpa mdomo wa kulia ugali tu. Nilisema mengi, na yote yalikuwa kweli, lakini nilipoona amekazana kuangalia mikono yake, nikaelewa. Nilikuwa nimemkata mume wangu kwa mkasi. Maji yakimwagika hayazoleki, ila vipande vya turubai vinazoleka, nikajifunga kitenge nikatoka.

Cha kwanza nilikikuta juu ya jiko la Mama Irakiza, cha pili kwenye bafu, cha tatu chini ya maharage yanayoanikwa. Waliguna, lakini walitoa, nami nikawapa mifuko na maturubai yetu ya nyumbani. Cha nne kilikuwa kwa Mama Uwizeye. Hicho kilikuwa cha nyuma, chenye dirisha la plastiki, na yeye alikuwa amekijenga ukutani, akakipaka udongo pande zote, pindo likazikwa ndani. Na pindo ndilo Térence alilolihitaji kuliko vyote.

"Ancilla, wewe mwenyewe njo ulinipatia," Mama Uwizeye alisema. "Unapatia mutu kitu kisha unamunyanganya? Tangu nifike huku nyumba yangu ilikuwa giza. Sasa minachagula maharagi ndani ya nyumba, minaona kila jiwe."

Nilirudi nyumbani nikasimama mbele ya dirisha langu. Lilikuwa na fremu ya mbao na vioo viwili, dirisha pekee la kioo katika mstari wetu, na sitasema uongo, nililipenda. Jirani akipita nilikuwa nalipangusa hata kama ni safi. Nikaling'oa. Tulilipachika kwa Mama Uwizeye siku ileile, Térence akiziba nyufa kwa udongo, na alinitazama kwa namna ambayo hakuwahi kunitazama tangu Uvira.

Kisha kazi ikaanza. Alitandika vipande vinne kwenye sakafu ya kanisa, akaviunganisha, akachora kila ukingo kwenye karatasi za mifuko ya saruji. Akahesabu mishono ya kila inchi, kisha akalikata turubai jipya kwa kufuata karatasi hizo. Mafundi wetu wakishona hupitisha uzi mara mbili, mara tatu, ili mtu asirudi kulalamika. Mkono wake ulitaka kufanya hivyo, nikauona unasita, lakini alipitisha mara moja tu, kama kiwandani. Kwenye kona ya kushoto mshono wa zamani ulikuwa umepinda kidogo. Aliyeshona kule Amerika siku hiyo sindano ilimponyoka. Térence akaupindisha vilevile.

"Hata kosa?" nikauliza.

"Hata kosa. Si langu la kurekebisha."

Niliona ajabu. Mtu anapoteza jina lake miaka kumi na mmoja, anapata nafasi ya kulirudisha, halafu anafanya kazi ambayo mtu asijue kama ameifanya yeye. Mimi ningeandika jina langu kwa uzi mwekundu. Lakini yeye hakukesha, wala hakukasirika. Alishona mchana, akipiga mluzi. Mluzi huo ndio ulinifanya nisali, kwa maana niliogopa kuupoteza.

Siku ya kulifunga nilikwenda naye Mbarara. Turubai lilikaa kwenye vyuma vyake bila mkunjo, vishikizo vya mbele vikafunga. Jonan alimleta mama yake kwa kumshika mkono, akamkalisha kwenye kiti cha mbele. Mzee Kellen alijifunza Kiswahili akiuza maziwa kwenye geti la Makenke. Aliinua mikono, akapapasa paa kwa ndani, polepole, kutoka kulia kwenda kushoto. Alipofika kwenye ile kona iliyopinda, vidole vikasimama. Nilimfinya Térence mpaka akaguna.

"Jonan," alisema, "kwa nini ulidanganya mimi?"

"Nimedanganya nini, mama?"

"Wewe ulisema hii kitu ilioza. Haikuoza! Ni ileile. Hapa ilipinda, mzee wako alikuwa anakasirikia hapa kila siku."

Jonan alicheka, akafuta macho kwa kiganja kama askari anayefuta jasho. "Ilioza, mama. Huyu fundi alishona mpya. Mkimbizi wa Nakivale." Akamgeukia Térence. "Jumatatu, saa mbili. Usichelewe."

Mimi nilikuwa nalia wazi, sikujificha. Bibi kizee alinyoosha mkono hewani.

"Lete mikono," alisema.

Térence akampa. Akaipapasa kama alivyopapasa turubai, akazunguka viganja, akafika kwenye sugu ngumu chini ya vidole. Akakunja uso.

"Lakini hii mikono ni ya jembe."

"Ilikuwa, mama," mume wangu akasema.